Kurasa Sita za Mwisho

Mchoraji alikichora kitabu kile kwa miaka miwili, na hakuna ukurasa uliotoka bila kupita kwanza machoni pa Chiriku. Chiriku alikuwa binti wa kaka yake, wa miaka kumi na mmoja, aliyekuja kuishi kwake baada ya baba kuhamishwa kikazi. Jina la utani alilipata uchangani kwa kelele zake. Kigugumizi kilikuja baadaye, jina likabaki limemganda.

Kitabu kilikuwa riwaya ya picha ya watoto wa rika lake: msichana mwenye kigugumizi anaingia shule mpya na kuhangaika kupata pa kukaa. Chiriku ndiye aliyeamua maneno yakwame vipi.

"Hapa irudi ma-mara tatu, Shangazi. Herufi hii ha-haina huruma."

Hata mwisho ulikuwa wake: msichana ameketi kwenye ngazi na wenzake wawili, anasimulia kichekesho kwa taabu, nao wanacheka mahali panapostahili. Basi.

Siku moja mhariri akapiga simu. "Dada, mwisho wako umepoa. Kijana wetu hapa ofisini amechora kurasa sita mpya, utadhani mkono wako! Msichana anapanda jukwaani, anahutubia shule nzima bila kukwama."

"Msichana wangu hawezi hivyo."

"Sasa anaweza."

Kesho yake mchoraji alifunga safari hadi ofisini. Mhariri alimfungulia mkataba, akapitisha kidole kwenye kifungu cha tisa taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma: mchapishaji ana haki ya kurekebisha. Saini ilikuwa ya mchoraji, tena ameiandika kwa madaha. Akaomba basi jina lake litolewe kwenye jalada. Jalada lilikwisha kuchapwa.

Alipanga kumwambia Chiriku mwenyewe, ila kila jioni ulimi ulikuwa mzito. Shule ikamtangulia, ikagawa kitabu darasani. Chiriku alirudi na nakala mkobani, akaifungua mezani.

"Huyu a-alipona lini?"

Shangazi akaeleza habari ya mhariri, kifungu na jalada. Yote yalikuwa kweli, na hayakumsaidia mtu.

"Mwalimu kani-kanichagua. Siku ya wazazi ni-nisome hotuba ya huyu msichana."

Shangazi akaenda shuleni kuomba mtoto aachwe. Mwalimu alitabasamu kwa wema wote. "Mama, si kitabu chako mwenyewe kinasema inawezekana?"

"Usiende te-tena," Chiriku alimwambia. "Ukienda wanazidi ku-kunihimiza."

Siku ilipofika, Chiriku alipanda jukwaani, sketi imenyooshwa pasi. Akakwama kwenye herufi ya kwanza. Wazazi, kwa nia njema, wakapiga makofi ya kumtia moyo. Makofi yakapanda. Neno lilipomtoka hatimaye, hakuna aliyelisikia. Shangazi alisimama katikati ya ukumbi, akapunga mikono wanyamaze. Waliokuwa karibu wakadhani anashangilia, nao wakasimama. Chiriku akafunga kitabu, akashuka.

Nyumbani alikula, akafanya hesabu zake zote. Saa kumi na mbili simu ikalia: baba yake.

"Haya, nipe chiriku wangu! Kasomaje?"

Mtoto alitikisa kichwa, macho hayajaondoka kwenye daftari.

"Yuko bafuni," shangazi akasema.

"Nitasubiri," kaka yake akajibu kwa furaha, na hakukata simu.