Mtani Aliyechukuliwa Kwenye Arobaini

Wewe uliyekaa kwenye mkeka, sahani ya pilau mapajani, usijifanye hukuona. Uliona. Josephina alipoburutwa kwenda kwenye gari, uliinama ukajifanya unatafuta mfupa kwenye wali. Hajra alikuona ukiinama, na Hajra hasahau.

Ilikuwa arobaini ya binti yake, Amna. Kijiji chote cha Naipingo kinajua Amna alivyokufa. Uchungu ulimshika mvua inanyesha, wakampakia kwenye bodaboda kumkimbiza Nachingwea mjini, wakafika mtoni: maji yamejaa, daraja hakuna. Ng'ambo gari la wagonjwa linasubiri, taa zinawaka. Akafia ukingoni, kichwa kwenye paja la mama yake, mtoto tumboni.

Siku ya arobaini mbunge akaja na magunia ya mchele. Alitokea kikaoni Ruangwa, kwa ile njia ndefu ya kuzunguka, maana hii ya mtoni gari halipiti. Mheshimiwa Huzaifa Chilumba. Hajra alimwona akikalishwa kwenye kiti cha heshima, akaikumbuka miguu yake. Ndiyo, miguu! Kampeni ya kwanza, Huzaifa bado karani wa ushirika wa korosho, alikunja suruali ya kuazima akaingia mtoni mbele ya umati. "Hapa nilipokanyaga ndipo nguzo ya daraja itasimama!" Akina mama wakapiga vigelegele. Hajra naye alipiga.

Akaenda Dodoma. Akarudi ana kitambi, akaomba tena, tukampa tena. Akawa mwenyekiti wa kamati, akajenga ghorofa, akasikika redioni akiunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Mtoni halikuwekwa hata jiwe. Na kila kampeni alimpandisha jukwaani Josephina, Mmakonde ambaye wazazi wake walihamia toka Msumbiji, mtani wetu sisi Wamwera. Josephina alimkejeli, watu wakacheka, naye akamkumbatia: "Huyu mtani wangu, acheni anitukane atakavyo!"

Basi kwenye arobaini Josephina akafanya kazi ya mtani. Alitokea jikoni amevaa koti la marehemu mumewe, khanga ameikunja tumboni iwe kitambi, miguu tope tupu. Akalaza mchi uani, akapanda juu yake, akayumba.

"Wafiwa! Daraja hilo, mbona hamlioni? Lina lami mpaka ng'ambo!"

Wakacheka hata waliokuwa wanalia. Mheshimiwa naye akacheka, akatoa noti ajikomboe, kama ilivyo desturi.

"Rudisha mfukoni, mtani. Leo unajikomboa kwa miguu. Vua viatu twende mtoni, uvuke pale aliposhindwa Amna. Ukifika ng'ambo nakuachia."

Kicheko kikakatika.

"Inatosha, mama," mbunge akasema.

"Mama yako nani? Mimi mtani wako. Au siku hizi utani una msimu kama korosho?"

Mtu akachekea puani. Shingo ya Mheshimiwa ikavimba. "Mtoeni huyu mlevi!"

Mtani hakasirikiwi, na msibani ndiyo kabisa. Mtani anaweza kulala ndani ya kaburi lililochimbwa, na mfiwa atambembeleza atoke. Huzaifa, Mmwera wa kuzaliwa, alilijua hilo. Hata askari aliyekuja naye alisita.

"Hujasikia?" Mheshimiwa akamfokea.

Askari akamshika Josephina mkono.

"Hajra!" aliita, mguu mmoja tayari ndani ya gari. "Msiba usifungwe bila mimi!"

Gari la askari likaondoka naye kwa njia ile ya kuzunguka, kwenda kituoni mjini. Shehe akakohoa. "Mama Amna, tumalizie dua, watu wamalize kula, tufunge."

Yunusi, kaka yake Hajra, akamsogelea sikioni. "Dada, nyamaza. Mwanangu ameahidiwa kazi na huyu."

"Na mimi niliahidiwa daraja."

Hajra akafunika sufuria la pilau, akasimama.

"Sifungi. Mwanangu alikufa anasubiri kuvuka, halafu nimfungie msiba mtani wake yuko mahabusu? Mheshimiwa, mchele wako ule pale. Ubebe."

"Mama Amna, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Nakufahamu tangu miguu yako ina tope."

Mbunge alitutazama mmoja mmoja, nasi tukatazama chini. Hajra akavaa kandambili, akashika njia ya mtoni. Maji yalikuwa ya kifuani. Akaingia. Alipofika katikati akateleza, akazama mpaka mabegani, na mkono uliomdaka ulikuwa wa Swaumu, mke wa Yunusi yuleyule. Nyuma yake wapishi, wameshikana mikono kama mnyororo, wanalia na kutukana. Wakavuka.

Sasa hivi wameketi nje ya kituo, nguo zimewagandia mwilini. Ndani Josephina anaimba kwa Kimakonde ili wajue hajapigwa. Wameambiwa wakiendelea kukaa hapo wataingizwa nao. Ni wachache, watazolewa kama majani. Kijiji kizima hakizoleki.

Wewe bado una sahani. Iweke chini. Mshike mkono aliyekaa kando yako, akikataa mshike wa pili, muingie mtoni. Usiniambie kesho, usiniambie baada ya swala. Amka, twende tukamtoe.