Yes Tatu za Kashinje

Mimi mdomo wangu hauna breki, hata mkuu wa shule anajua. Kwenye somo langu ni Kiingereza tu. Ukiropoka Kiswahili, utanikoma. Nilidhani huko ndiko kufundisha.

Basi Kashinje, binti wa wafugaji wa kule bondeni Mtowisa, akapata tisini na moja kwenye mtihani wangu. Huyu huyu aliyepata thelathini muhula uliopita! Na anakaa ubavuni mwa Monika, anayeongoza darasa. Nikamjia juu palepale mbele ya wenzake. Nikamuuliza kwa Kiingereza: hukuangalizia kwa Monika?

"Yes, madamu," akajibu, bila kupepesa macho.

Nikarudia. "Yes." Mara ya tatu machozi yakamlengalenga: "Yes, madamu!"

Jamani, mtu akikiri hivyo unafanya nini tena? Nikamfutia alama, nikampeleka kwa mkuu, Mwalimu Alfonsi. Kwetu anayeibia kwenye mtihani anafukuzwa shule. Akaandikiwa barua, akaambiwa afungashe; gari la kushuka bondeni linaondoka saa nane.

Saa nne nimekaa ofisini, hasira bado hazijanitoka. Mwalimu Alfonsi akapita na kikombe chake.

"Mwalimu Edith, hujanywa chai?"

"Ndiyo, mkuu, sijanywa."

Nikakisikia nilichosema. Ndiyo, sijanywa. Mungu wangu! Mwingereza hapo angesema "No". Miaka kumi na mmoja nafundisha, na hilo sijamfundisha mtoto hata mmoja.

Nikatoka mbio hadi bwenini. Kashinje alikuwa anafunga tranka lake kwa kamba.

"Niambie kwa Kiswahili, mwanangu. Hukuangalizia?"

"Ndiyo, madamu, sikuangalizia. Si nilikujibu mara tatu?"

Aibu niliyoiona, acha tu. Nikamwomba radhi, nikairudisha barua kwa mkuu na kumweleza kosa ni langu. Kesho yake nikaomba radhi mbele ya darasa zima, kwa Kiswahili, kila mtu aelewe. Somo likawa moja: kujibu swali la kukanusha. Waliulizana wawili wawili, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, na hata wale mabubu wangu wa nyuma wakaongea, wanacheka.

Nikamgeukia Kashinje, nikamuuliza kwa Kiingereza: hukuja na daftari? Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Akafumbua mdomo, akaufumba.

"Madamu," akasema kwa Kiswahili, taratibu, "mimi naomba uniruke."

Ningefanyaje? Nikamruka.