Kamusi ya Msimu wa Senene

Alhamisi ilikuwa siku ya Kigiriki. Mwalimu Rwegasira alimaliza kahawa yake pale Nyanga, akatia karatasi kwenye mkoba, akamuaga mkewe Renatha aliyekuwa akimenya ndizi.

"Nauli imepanda tena," Renatha alimkumbusha. "Hao Wagiriki wako hawawezi kukuchangia?"

"Walikufa zamani, mke wangu."

"Basi wana afadhali. Hawaulizwi bei ya mafuta."

Alicheka peke yake mpaka stendi. Alikuwa mtu wa kuridhika na kidogo, na watu wa namna hiyo huchosha sana wakubwa. Alifundisha Kigiriki cha kale katika chuo kimoja cha Muleba mpaka somo lilipofutwa, na tangu astaafu alikuwa akitafsiri kwa Kiswahili nyimbo za wakulima wa huko Ugiriki. Wakulima hao walilalamikia mvua, majirani wachokozi na wakubwa wala rushwa. Renatha aliposomewa mara ya kwanza aliuliza kama kijiji chenyewe ni Izigo ya hapa hapa kwetu.

Kazi ilihitaji kamusi kubwa, nayo ilikuwa moja tu, ya chuo, haiazimwi nje. Kununua mpya ni sawa na kununua ng'ombe wa maziwa. Ndiyo maana kila Alhamisi alisafiri kwenda kuisoma pale pale maktaba.

Siku hiyo alikuta maktaba haina hata rafu. Viti vipya, bado vimevaa nailoni, vilijaa ukumbi mzima. Katikati yake alisimama Josia, afisa ugavi, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake na bingwa wa kusinzia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Vitabu viko wapi?"

"Tumeviondoa. Hapa ni ukumbi wa mikutano sasa. Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu, Mwalimu."

"Na kamusi ya Kigiriki?"

"Hiyo imeingia kwenye mali chakavu. Takataka tu."

"Basi nipe mimi hiyo takataka."

Josia alisikitika kwa dhati. "Ingekuwa yangu ningekupa, waitu, mzee wangu. Lakini hata takataka zina utaratibu. Haziwezi kupewa mtu binafsi, lazima ziteketezwe mbele ya kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Bado haijateuliwa. Andika barua."

Mwalimu alitoka moyo ukimuuma. Bila kamusi ile kazi yake ilikuwa imekufa, na yeye umri haukuwa unamsubiri. Njaa nayo haina adabu, ikamkumbusha kwamba ni msimu wa senene, wale panzi watamu wa mvua. Pale stendi ya Muleba alimwendea Rahima, mama aliyekuwa akiwakaanga kwenye jiko la mkaa. Rahima akachana karatasi, akaiviringisha, akamimina senene. Mwalimu akanyoosha mkono, kisha akaganda. Karatasi ilijaa herufi za Kigiriki.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Gari la takataka la chuo limetuletea tangu asubuhi. Karatasi nzuri, haitoi wino."

Kamusi ilikuwa chini ya kigoda chake, haina jalada. Kurasa za herufi nne za kwanza zilikuwa zimekwisha kuondoka na walaji.

"Niachie hiyo, tafadhali."

"Chukua, mzee wangu, lakini wateja nitawafungia nini? Senene hawa kesho hawapo."

"Bibi yako alifungia nini?"

"Majani ya migomba. Sasa hapa stendi migomba iko wapi?"

Mwalimu alijua ilipo. Aliazima kisu kwa muuza ndizi, akarudi chuoni, akaingia kwenye migomba iliyokuwa nyuma ya maktaba, aliyoipanda kwa mikono yake pamoja na wanafunzi. Alikuwa amekwisha kata majani ya kutosha Josia alipotokeza dirishani.

"Mwalimu! Hayo majani ni mali ya chuo!"

"Ni majani ya chini, ya kupunguza. Takataka tu."

"Hata kama, kuna utaratibu!"

"Najua, Josia. Andika barua."

Akajitwika mzigo wake, akaondoka bila kugeuka. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho kifua kilimpanuka namna ile.

Rahima aliyapitisha majani juu ya moto yakalainika, harufu ikasambaa, watu wakasogea. Mwalimu alikaa kwenye benchi na kamusi mapajani. Iliuma kuona kitabu kisicho na mwanzo. Lakini maneno mengi ya kurasa zile aliyafundisha mpaka watoto wa watu wakalala usingizi, na aliyokumbuka angeyaandika upya. Mengine yamekwenda. Akatafuna senene wake, akaona si haba.

Baadaye Josia naye akafika kununua, hakumwona Mwalimu aliyekaa nyuma ya wateja. Rahima akamfungia kwenye jani. Akaonja, akafumba macho.

"Hawa sasa ndio senene! Asubuhi nimekuja mara tatu, mama, ukanifungia kwenye yale makaratasi yako. Hawakunoga hivi."

Mwalimu Rwegasira akainamia kamusi yake, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kati ya wanafunzi wake wote wa miaka ile, kumbe huyu Josia ndiye aliyeondoka na Kigiriki kingi kuliko wenzake.