Mkono wa Eulogio Uliosajiliwa Ligi Kuu

Basi la timu ya besiboli lilisimama nyuma ya kituo cha mafuta, huko Alabama, Marekani, Wakyuba weusi wakala dagaa wa kopo kwa biskuti kavu, maana mkahawani hawakuruhusiwa. Eulogio, mrushaji wao wa mpira, alipokunja shati, mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe hadi begani.

"Umeanza lini weupe huo?" akauliza Nicanor, mdomo umejaa.

"Asubuhi. Nilidhani sabuni."

"Basi kauingize dirisha la mkahawa utuagizie kahawa. Uso wako uache huku huku!"

Eulogio akauingiza. Akauziwa kahawa, akaitwa bwana.

Alasiri, wakala wa ligi kuu, ligi ya wazungu, alimtazama akirusha. Akauliza kama nyanya yake alikuwa Mhispania, yaani mzungu, swali waliloulizwa Wakyuba wote wenye rangi ya kubishaniwa. Tangu utotoni kwao Matanzas, Kyuba, Eulogio alitaka kitu kimoja tu duniani: kurusha mpira ligi kuu.

"Nyanya wa upande wa mkono, ndiyo," akajibu.

Mkono ukasajiliwa. Ulichomoka begani bila taabu, kama soksi.

Msimu mzima ulirusha peke yake uwanjani, ukalala hotelini kwenye shuka safi. Waandishi wa habari waliupa mkono. Eulogio alikata tiketi ya upande wa weusi, kwenye jua kali, akashangilia kwa kujipiga paja.

"Umeoa tajiri, ndugu yangu," Nicanor alimwambia, akimfungulia kopo. "Harudi nyumbani huyo."

Ulirudi. Klabu iliurudisha majani yalipoanza kupukutika. Havana, ambako msimu wa baridi weusi na weupe walicheza pamoja, Eulogio aliupachika akapanda kijilima cha mrushaji katikati ya uwanja. Lakini mkono ulikuwa umerushishwa kila mechi bila mwenyewe wa kusema basi. Mpira ulidondoka miguuni pake. Tangu siku hiyo haukuinua hata kijiko.

Mwaka uliofuata wakala akaja tena. Safari hii alitafuta miguu yenye mbio. Nicanor, aliyekuwa hashikiki kwa kukimbia, alikuwa ameshapandisha suruali. Weupe ulikuwa umepita magoti.

"We Nicanor, hukuona yaliyonikuta?"

"Niliona, kaka. Sogea basi, unishike nisianguke ikichomoka."

Eulogio akasogea, akamshika kwa mkono wa kushoto.