Tope la Ziba

Siku ile mjinga alikuwa Abbasi. Tuliseme mapema, maana siku hizi hata yeye hulisema kabla hujamuuliza, na mtu akishajitukana mwenyewe anakupunguzia kazi.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, hakujiona mjinga. Aliondoka Tabora mjini saa moja kamili, kiti cha mbele cha gari la shirika, faili magotini, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata, akielekea Goweko kumkamata mwizi. Alikuwa mhasibu wa shirika dogo linalopambana na gugu karoti, mmea mgeni wenye majani kama ya karoti na vimaua vyeupe, unaoua malisho na kuwasha ngozi. Kazi yao ni rahisi kuieleza. Mfadhili anatoa fedha, vikundi vya vijijini vinang'oa gugu kabla halijachanua na kulitia kwenye magunia, mtendaji wa kijiji anahesabu, magunia yanachomwa shimoni, na Abbasi analipa shilingi elfu saba kwa gunia. Hilo neno "analipa" lisomwe polepole.

Mwezi wa tano Goweko ilitangazwa safi. Picha zikapigwa, soda zikanywewa, mfadhili akaandikiwa kwamba hakuna tena hata jani. Zikaja mvua za Novemba, na mwezi wa kwanza kikundi kikaleta hesabu ya magunia sitini. Sitini! Laki nne na ishirini elfu. Abbasi aliitazama karatasi ile siku mbili. Ya tatu akapata jibu: hawa wanawake wanapanda gugu ili walipwe kuling'oa. Akajipongeza. Maishani alishauziwa baiskeli ya wizi, kiwanja chenye wenyewe, na simu ambayo ndani ilikuwa kipande cha sabuni. Safari hii, alisema, hawampati.

"Bosi," Silasi, dereva wake, alimwuliza njiani, "umewahi kulima?"

"Mimi nina shahada ya uhasibu."

"Ndiyo maana nauliza."

Elieth, kiongozi wa kikundi, mama wa miaka hamsini na ushei, alikuwa akimngoja mbele ya bani lake la kukaushia tumbaku, na wenzake kumi na watatu nyuma yake. Abbasi alianza kusema mguu mmoja ukiwa bado garini.

"Mama Elieth, nimekuja kuhusu yale magunia."

"Shikamoo yangu umeiacha mjini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sasa nitukane."

Abbasi akafungua faili, akasoma kwa sauti ya hakimu: "Malipo yatazuiliwa endapo gugu litarejeshwa katika eneo kwa makusudi au kwa uzembe."

"Kwa hiyo hulipi."

"Silipi."

Hakuna aliyepiga kelele. Mahindi yao yalikuwa yamefika magotini na yalitaka mbolea ya kukuzia wiki hiyohiyo. Ikichelewa, shamba linageuka njano na mwaka mzima unakwenda nalo. Kila mmoja pale alikuwa ameshaipigia hesabu elfu thelathini yake. Mmoja alisema kitu kwa Kinyamwezi, wenzake wakacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Abbasi alishika neno moja tu, "mtoto", na halikumpendeza.

"Twende," alisema Elieth, "nikakuonyeshe shamba letu la gugu."

Abbasi karibu aruke. Mwizi anakiri mwenyewe! Akatoa simu kwa ajili ya picha.

Kituo cha kwanza kilikuwa mbele ya ofisi ya kijiji. Gugu changa lilikuwa limeota mistari miwili, imenyooka kama reli.

"Umeona wapi mkulima wa matuta mawili?" Elieth aliuliza.

"Hizo ni mbinu," Abbasi akasema, akapiga picha.

Kituo cha pili kilikuwa pembeni ya kibanda cha chapati. Mistari ileile ilifika hapo, ikajizungusha, ikarudi ilikotoka. Abbasi alikumbuka kwamba chapati za pale ni tamu, kisha akatamani asingekumbuka. Simu ikashuka kidogo.

Cha tatu kilikuwa nje kabisa ya kijiji, kando ya barabara, nyuma ya kichaka ambako hakuna shamba, zizi wala njia ya watu. Gugu lilikuwa limestawi kuliko kote. Mahali hapo Abbasi alipajua vizuri mno. Tangu shule kibofu chake hakikupatana na barabara mbovu, na kila safari Silasi alisimamisha gari hapohapo.

"Hapa ndipo unapochimba dawa, mhasibu," Elieth akasema. "Kijiji kizima kinajua. Mwanakikundi hawezi kupanda kitu hapa. Tunakuheshimu."

Wanawake wakaangalia pembeni, mabega yakitikisika. Elieth akainama, akaokota bonge la udongo mkavu, akaliweka kwenye kiganja cha Abbasi.

"Udongo wetu ni kichanga, unauona. Huu mweusi umetoka wapi?"

Lilikuwa bonge jeusi, zito, limepasukapasuka, na miche miwili ya gugu ikichungulia kwenye nyufa. Abbasi hakuhitaji kuambiwa. Ni tope la mbuga ya udongo mweusi ya Ziba, kule Igunga, ambako kikundi kingine kilikuwa bado kinapigana na gugu na ambako gari lao hukwama kila wiki. Jumatatu Ziba, Jumanne Goweko, Novemba yote na Desemba yote, kwa sababu ufuatiliaji una posho, na Abbasi alikuwa mfuatiliaji hodari.

Silasi, aliyewafuata na gari, alishachukua spana. Akagonga juu ya tairi la nyuma, likadondoka bonge la pili, ndugu yake na lile la kwanza.

"Mwezi wa kumi niliomba elfu kumi na tano kila wiki," alisema, "gari lioshwe kwa pampu, uvunguni kote, kabla halijatoka Ziba. Fomu ninayo."

"Silasi, si lazima..."

Silasi aliona ni lazima. Akaitoa mbele ya usukani, Elieth akaipokea, akawasomea wenzake jibu lililoandikwa kwa wino mwekundu, mwandiko mzuri kabisa wa Abbasi: HAPANA. GARI SI BIBI HARUSI.

Utani huo ulichekwa ofisini wiki nzima, na aliyecheka zaidi ni mwenyewe. Hapa ulichekwa zaidi. Mama mmoja alilazimika kukaa chini. Abbasi, bila kuombwa na mtu, alikuwa anapiga hesabu: kwa wiki nane za kutoosha gari ameokoa laki moja na ishirini, ameingiza hasara ya laki nne na ishirini.

"Tangu enzi za misafara ya pwani," Elieth akasema, "watu wa mjini mkipita njia hii lazima mtuachie kitu. Babu zako walituachia maembe. Wewe umetuletea hili."

"Mama, tugawane hasara. Nilipe nusu."

"Soma tena karatasi yako. Uzembe wa nani?"

Abbasi akasoma, mara hii bila sauti ya hakimu. "Haijasema."

"Basi sisi tumeshauona. Una matairi manne."

Abbasi akaweka hati ya malipo juu ya boneti. Akaandika magunia sitini. Akaandika laki nne na ishirini elfu, kwa tarakimu na kwa maneno, akaweka sahihi. Kisha kalamu ikagoma kwenye mstari wa mwisho, ulioandikwa "Sababu".

"Mama Elieth, nisitiri," alisema kwa sauti ndogo. "Tuliripoti kwamba hapa ni safi. Mfadhili lazima aulize gugu limefikaje. Tuandike upepo. Upepo hauna mshahara wa kukatwa."

Elieth akamsogezea ile fomu yenye wino mwekundu.

"Mwandiko unao, na maneno ulishayatunga mwenyewe," alisema. "Andika: bibi harusi alikuja hajaoga."