Ruhusa ya Kusema

Mwaka wa tisini na sita, tajiri wa kiwanda chetu cha minofu ya sangara, hapa Mwanza, alileta mwalimu wa semina kutoka Dar atufundishe kuongea. Kuongea! Yeye mwenyewe ndiye aliyetupiga marufuku kufungua mdomo kazini, eti maneno yanachelewesha samaki wa Ulaya.

Ndiyo marufuku iliyomuua mwenzetu Obedi. Aliingia chumba cha barafu kupanga maboksi, msimamizi akapita, akakomea mlango kwa nje bila kuchungulia ndani. Dorcas, aliyekuwa akikata minofu pembeni yangu, alikuwa amemwona Obedi akiingia. Akanyoosha mkono kuomba ruhusa ya kusema. Msimamizi akamwonyesha kwa kidole: kata samaki. Ruhusa ilipokuja kupatikana, Obedi alikuwa ameganda kama sangara wenyewe.

Sasa mwalimu akatukalisha mbele ya mlango uleule. "Kazi nzuri ni ya watu wanaosikilizana," akasema. "Haya, nani ana la kusema?"

Msimamizi alikuwa ametutolea macho.

Ndipo mlango ukagongwa kwa ndani. Uligongwa polepole, kama mtu mwenye adabu zake anapobisha hodi. Mzigo wote ulikuwa umeondoka asubuhi. Mle ndani hamkuwa na samaki hata mmoja, sembuse mtu.

Mwalimu akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama sakafu.

Safari hii Dorcas hakunyoosha mkono. Alisimama, akaenda, akavuta komeo.

"Karibu, Obedi," akasema. "Leo tumeruhusiwa kusema."