Alama ya Kidole cha Gad Mbarushimana

Siku ya kugawa mahindi, Cirhuza alikuwa ameketi juu ya gunia lake tupu akisubiri zamu yake, ndipo jina alilolibeba kifuani kwa miaka kumi na minne likaitwa kwenye kipaza sauti kama jina la mtu yeyote yule.

"Mbarushimana Gad! Vichwa vitano!"

Mwanamume mrefu, amevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali, aliinuka, akapangusa vumbi la suruali, akaenda mbele. Alipokea fungu lake, akasema "zikomo", asante ya wenyeji, kwa sauti ya chini, akaondoka. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Ilikuwa Mei 2012, mwezi wa kwanza tangu foleni mbili za mgao ziunganishwe, na Cirhuza alikuwa ametimiza miaka saba katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Kule Bukavu, Kongo, Cirhuza alikuwa inspekta wa polisi, upande wa upelelezi. Machi 1998 aliitwa kwenye nyumba moja ya mtaa wa Kadutu, ambako mshonaji kijana aitwaye Véronique alikutwa amenyongwa kwa utepe wake mwenyewe wa kupimia nguo. Mchumba wake, dereva wa lori Mnyarwanda Gad Mbarushimana, alikamatwa siku ile ile. Cirhuza alimhoji tangu asubuhi hadi jioni. Aliandika kila neno, kisha akamsomea yote tangu mwanzo, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake: hakuandika kamwe neno juu ya mtu bila kumsomea mtu huyo. Gad akatia saini, saini nzuri yenye mkia mrefu, na kando yake alama ya kidole gumba cha kulia.

Halafu Gad akalia. Hakulia kama washukiwa wanavyolia, jicho moja likichungulia kama machozi yanafanya kazi. Alilia akitazama ukuta. Cirhuza akamwamini. Akamwambia aende akapumzike, arudi kesho. Kesho Gad hakuonekana, wala kesho kutwa, wala tena.

Mama yake Véronique alikuja ofisini akiwa bado na kitenge cha msiba. Hakupiga kelele.

"Inspekta," alisema, "mutoto yangu aliuawa na mutu moja. Lakini mwenye kumuachilia, njo we, ni wewe."

Mwaka 2004 vita vilipouwasha mji moto, wengine walikimbia na sufuria na magodoro. Cirhuza alikimbia na mkewe Sophie, binti yao Merveille aliyekuwa bado mgongoni, na karatasi ile ya mahojiano ndani ya mfuko wa nailoni. Ilivuka ziwa, ikavuka Tanzania nzima, haikulowa hata kona moja.

Dzaleka alijipatia kazi ya kuandikia watu barua. Aliweka meza mbele ya nyumba, kando ya cherehani ya Sophie, na wenye shida na ofisi ya wakimbizi walikuja mmoja mmoja: anayeomba dawa, anayeomba kuunganishwa na ndugu, anayeuliza kwa nini faili lake limelala. Sophie alishona, yeye akaandika. Maisha yalikuwa hayo, na yalitosha, mpaka siku ile ya mahindi.

Tangu siku hiyo meza ilianza kukaa bila mtu. Cirhuza alimfuata mwanamume yule kwa majuma sita. Alijua bustani yake ya nyanya kule bondeni. Alijua kwamba kila Alhamisi hupanda kabaza hadi sokoni Lumbadzi, akiwa amekumbatia kikapu nyuma ya mwendesha baiskeli. Alijua mkewe ni Claudette na watoto wao ni watatu. Uso ndio uliomsumbua. Alikuwa amemwona Gad siku moja tu, na miaka na njaa huchonga sura ya mtu upya. Lakini paji la uso lilikuwa lile, na masikio yale. Mwanamume yule akigeuka nyuma njiani, Cirhuza alisema moyoni: ana hofu, mwenye damu mkononi hageuki bure. Asipogeuka, alisema: ameshazoea, moyo umekuwa jiwe.

"Papa Merveille," Sophie alimwambia mchana mmoja bila kuinua macho kwenye cherehani, "leo tena ulienda kuchunga ule mubaba kama mbuzi?"

"Simchungi. Namtazama."

"Bantu banacheka. Banasema inspekta alipata kazi tena, lakini shefu wake njo jua."

"Wacha wacheke. Ni yeye. Jina lake, mwaka wake wa kuzaliwa, hata kazi ya lori. Nimeuliza."

Sophie alikata uzi kwa meno. "Jina? We unaandikia bantu barua kila siku na haujui? Hapa jina iko kama koti. Mwenye kusikia baridi njo anaivaa."

Cirhuza alisikia maneno hayo, akayaweka kando, kama mtu anavyoweka kando chombo atakachokitafuta baadaye.

Mnamo Julai habari ikaenea kwamba familia ya Mbarushimana imekubaliwa kwenda Kanada. Walikuwa wameshapimwa afya, kilichobaki ni tarehe ya ndege. Kwa siku tatu Cirhuza hakula chakula cha maana. Mawazoni alimwona Gad akiondoka mara ya pili, na mara hii mlango ukiwa umefunguliwa na dunia nzima. Siku ya nne aliandika ukurasa mmoja kwa ofisi ya wakimbizi. Hakutia chumvi: aliandika kwamba Gad Mbarushimana alishukiwa kuua huko Bukavu na kwamba alitoroka. Hakuweka jina lake chini. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliandika maneno juu ya mtu bila kumsomea.

Sophie alipojua, aliachia kitambaa kikaanguka.

"Uliandika jina ya Munyarwanda na kuua ndani ya karatasi moja? Nani atauliza tena ni mwaka gani, ni muji gani? Batafikiri tu ile mauaji ya 1994. Uliua batoto batatu na kalamu, Papa Merveille."

Kuanzia siku hiyo Sophie alihamishia cherehani upande wa nyuma wa nyumba.

Septemba safari ya familia ile ikasimamishwa. Na asubuhi moja, mwanamume wa kofia ya sufu akasimama mbele ya meza ya Cirhuza.

"Muzee, jambo. Banasema hapa njo kwa mwenye kuandika barua zenye kusikiwa."

Cirhuza alimsogezea kigoda. "Kaa," alisema.

"Bamesimamisha safari yetu. Eti niko na kesi ya damu. Mi! Muzee, hata kuku, Claudette njo anachinja, mi nashika tu miguu na kufunga macho." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Bamenipa siku kumi na ine za kujibu."

Cirhuza alichukua karatasi. Mkono ulijua kazi yake hata bila yeye. "Machi 1998 ulikuwa wapi?"

Mtu yule alitazama vidole vyake. "Andika Bukavu. Kwa karatasi iko vile."

Kwa karatasi iko vile. Inspekta ndani ya Cirhuza aliinua kichwa. Aliandika mpaka mwisho, akamsomea, akamsogezea kalamu.

"Tia saini."

"Sijui kuandika, muzee. Niweke tu kidole."

Saini yenye mkia mrefu ilimjia Cirhuza machoni. Lakini mtu anaweza kujifanya hajui. Alimpaka wino, akamwekesha kidole gumba cha kulia mara mbili, kwenye barua na kwenye karatasi nyingine tupu. Alipobaki peke yake, barua akiwa bado nayo, aliingia ndani, akatoa mfuko wa nailoni, akaazima kioo cha kukuza ambacho Sophie alikitumia kutia uzi kwenye sindano.

Katika alama ya zamani, mistari ilizunguka na kuzunguka kama maji palipoangukia jiwe. Katika alama mpya, mistari iliingia kutoka upande mmoja, ikapinda, ikatoka kwa upande ule ule. Hata mtoto angeona. Cirhuza alitazama tena, na tena, akitafuta kosa la wino, kosa la kioo, kosa la macho yake. Kosa halikuwa huko.

Kesho yake alikwenda kwao na karatasi zote mbili. Claudette, mwanamke mwembamba mwenye kikohozi, alikuwa akichambua maharagwe. Aliiona saini ya Bukavu, ungo ukatulia magotini mwake.

"Hii ni mukono ya Gad," alisema. "Uliipata wapi?"

"Kwanza niambie, huyu ni nani."

Walitazamana, mke na yule aliyeitwa mume. Kisha Claudette akasimulia. Gad alifika Dzaleka mwaka 2006 na kujiandikisha pamoja naye na watoto. Mwaka 2009 alikuwa akifanya vibarua vya kujenga mjini, mtaa wa Area 23, akaugua huko huko, akafia hospitalini Likuni. Hawakuwa na gari la kumrudisha, wakamzika mjini. Juma lile lile mdogo wake, Télesphore, alifika kutoka Kongo bila karatasi yoyote. Siku ya mahindi ikawakuta msibani. Jina la Gad likaitwa, na Télesphore, aliyefanana na kaka yake, akasimama.

"Tulisema mwezi moja tu," alisema Claudette. "Batoto bapate kula. Halafu mwezi ikafuata mwezi ingine, na Kanada ikaita jina."

Cirhuza aliomba kuliona kaburi. Walipanda minibasi Lumbadzi, wote watatu, wakashuka mjini na kutembea hadi kwenye makaburi ng'ambo ya Area 23. Msalaba wa mbao ulikuwa umeegemea upande mmoja. Haukuandikwa kitu. Jina lilikuwa bado linatumika Dzaleka.

"Alikwambia habari za Véronique?" Cirhuza aliuliza. Sauti yake haikuwa ya inspekta tena. Ilikuwa ya mtu anayeomba maji.

Claudette alitikisa kichwa. "Ile jina, hapana. Alikuwa anakataa tu mashine ya kushona ndani ya nyumba. Nilipewa moja na kanisa, akairudisha siku ile ile. Sikujua sababu."

Aliyependa anaweza kukataa cherehani. Aliyeua pia. Cirhuza alisimama pale akiigeuza sentensi ile moja kila upande, na kila upande ulikuwa sawa. Aliyemjua mwenye kosa alikuwa chini ya miguu yake, na hakuwa na desturi ya kujibu.

"Ile barua ya kwanza, ya kukushtaki kwa ofisi," alisema hatimaye, "ni mimi niliyeiandika."

Télesphore alivua kofia yake. Cirhuza alingoja ngumi, hata aliitamani. Haikuja.

"Basi, muzee, andika ya pili," alisema Télesphore. "We njo unajua njia yake."

Lakini aandike nini? Akisema huyu si Gad, amemwondolea damu na kumtia kosa la kutumia kadi ya mgao ya marehemu. Akinyamaza, damu inabaki. Siku zilikuwa zimebaki tano. Waliketi mezani siku mbili, Claudette akisema lile, Télesphore akisema hili, na kila njia iliishia kwenye ukuta ule ule. Mwishowe Claudette akasema, "Andika vile iko." Cirhuza akaandika yote, pamoja na kaburi, pamoja na barua yake mwenyewe. Akawasomea polepole, tangu mwanzo hadi mwisho. Safari hii akaweka jina lake chini.

Jibu lilikuja Novemba. Tuhuma ya kuua imefutwa. Kadi imefutwa. Safari imefutwa. Claudette ataandikishwa upya kama mjane, vichwa vinne, na faili lake litaanza mwanzo. Télesphore aliambiwa aje na ushahidi wa yeye ni nani, naye hakuwa nao. Kabla mvua hazijaanza alipanda gari la kuelekea Msumbiji, ili apite kwenda Afrika Kusini. Aliahidi kupiga simu akifika. Simu haijalia.

Karatasi ya Bukavu Cirhuza hakuichoma wala hakuitupa. Aliirudisha ndani ya nailoni. Sophie alimwona, akarudi kwenye cherehani yake. Siku hizi wanasemeshana kwa habari za chumvi na kuni tu.

Kila mwezi, siku ya mahindi, Cirhuza huketi juu ya gunia lake mapema kuliko wengine. Majina huitwa kwa mpangilio ule ule. Claudette huitwa kwa jina lake, husogea mbele na kikohozi chake, hupita karibu na Cirhuza akirudi. Mara moja alisimama. Cirhuza akainuka upesi, akidhani amekuja kusema kitu. Claudette alikuwa amesimama tu kuweka vizuri gunia begani. Alipomaliza, akaenda zake.